Wanafunzi Wanaotazamwa na Wenzao: Barua ya Wazi kuhusu Elimu Rika ya Ustahimilivu Shuleni

Kwa Waziri wa Elimu wa Jamhuri ya Kenya, kwa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, kwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, na kwa wakuu wa shule za upili kote nchini.

Waheshimiwa,

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu chake cha 4, inautaja miongoni mwa misingi ya elimu nchini wajibu wa kutokomeza matamshi ya chuki na ukabila kwa njia ya mafundisho na shughuli zinazokuza amani, utangamano na ustahimilivu. Na kwa kuwa wajibu huo umeandikwa katika sheria, raia ana haki ya kuuliza unatekelezwa vipi na nani anayeutekeleza. Barua hii inahusu njia moja tu ya kuutekeleza, nayo ni kuwaandaa wanafunzi wenyewe wawafundishe wenzao kuishi na watu wasiofanana nao. Hoja inayotolewa hapa ni kwamba njia hiyo ni nzuri, kwamba vyombo vilivyotajwa hapo juu vimekwisha kuikubali, na kwamba inapotea bure kwa sababu ambayo ni nadra kuzungumzwa: wanafunzi wanaoteuliwa kuifanya kazi hiyo, mara nyingi, ndio wasioweza kuifanya.

Maneno matatu yanahitaji ufafanuzi kabla hoja hiyo haijaendelea. Uanuwai ni hali ya watu wa jamii moja kutofautiana kwa kabila, dini, lugha, jinsia au maumbile, na Kenya haina budi kuishi nao, kwani sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 47,564,296 na hakuna kabila lililofikia hata moja ya tano ya idadi hiyo. Ustahimilivu ni tabia ya kumwachia mwingine nafasi ya kuwa alivyo hata pale ambapo imani au desturi yake haimpendezi anayemtazama. Haudai watu wapendane wala wakubaliane, ila unadai wasidhuriane, wasidhalilishane na wasinyimane haki kwa ajili ya tofauti hizo. Elimu rika, nayo, ni utaratibu wa watu wa umri na hali moja kufundishana, na wasomaji wengi wanaukumbuka kutokana na kampeni za Ukimwi, ambapo vijana waliopewa mafunzo mafupi, wakaitwa waelimishaji rika, waliwafikia wenzao kwa lugha ambayo muuguzi au mwalimu asingethubutu kuitumia.

Historia inayolifanya suala hili kuwa zito haihitaji kurudiwa kwa urefu. Mapigano ya Bonde la Ufa ya mwaka 1992, mashambulizi ya Likoni ya Agosti 1997 yaliyowalenga watu wa bara, na ghasia zilizofuata uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, ambazo Tume ya Waki iliyozichunguza ilihesabu ndani yake vifo 1,133, yote yanajulikana, na Tume ya Uwiano yenyewe ni zao la sheria iliyotungwa mwaka 2008 baada ya ghasia hizo. Lisilozingatiwa vya kutosha ni kwamba mwanafunzi aliyeingia Gredi ya 10 Januari 2026, katika kundi la kwanza la Sekondari Pevu, alizaliwa takriban wakati Katiba ya 2010 ilipokuwa ikipitishwa, na kwa hiyo hana kumbukumbu yake mwenyewe ya siku zile. Alicho nacho ni masimulizi ya nyumbani, ambayo katika familia moja humfanya jirani kuwa mchokozi na katika familia ya jirani huyo huyo husimuliwa kinyume chake, na mwanafunzi huyo huyabeba pamoja na sanduku lake hadi bwenini, ambako kitanda cha juu kimepewa mtu aliyebeba masimulizi ya upande wa pili. Uchaguzi mkuu wa tarehe 10 Agosti 2027 utamkuta akiwa Gredi ya 11, na baadhi ya wenzake waliomtangulia watakuwa tayari na vitambulisho na kadi za kura.

Vilabu vya Amani, ambavyo Tume ya Uwiano imevihimiza shuleni kwa muda mrefu, vimefanya jambo la maana kwa kuwapo tu, kwa sababu vimempa mwalimu anayetaka kuzungumzia ukabila ruhusa rasmi ya kufanya hivyo. Hata hivyo, mwenendo wa vilabu hivyo katika shule nyingi unajulikana. Waraka unapofika, mwalimu mlezi huteuliwa, naye huwateua viranja wachache pamoja na wanafunzi wenye ufasaha na nidhamu. Hao hutunga ngonjera, huikariri, huiigiza katika gwaride la Ijumaa na tena siku ya wazazi, na baada ya picha kupigwa mbele ya bango, klabu hulala hadi mgeni mwingine atakapotangazwa. Methali ya samaki anayekunjwa angali mbichi haikosi kutajwa katika hafla kama hizo, ingawa hakuna anayejiuliza samaki huyo humsikiliza nani usiku, taa za bweni zikishazimwa. Ngonjera si kitu kibaya, na barua hii haitetei kufutwa kwake. Kasoro ni kudhani kwamba aliyepewa kipaza sauti na mwalimu ndiye anayesikilizwa na wanafunzi.

Nyuma ya kasoro hiyo kuna dhana juu ya namna chuki inavyofanya kazi. Wengi huamini kwamba mtu humdharau mwingine kwa sababu ana imani potofu kichwani, na kwamba imani hiyo ikisahihishwa kwa maelezo, mwenendo wake utasahihika wenyewe. Uchunguzi uliofanywa katika nchi jirani ya Rwanda unatoa picha tofauti. Mchezo wa redio uitwao Musekeweya, ulioanza kurushwa mwaka 2004, ulisimulia visa vya vijiji viwili vya kubuni vinavyohasimiana, na mtafiti Elizabeth Levy Paluck, katika makala aliyoichapisha mwaka 2009, aliwalinganisha watu waliousikiliza kwa mwaka mzima na wengine waliosikiliza mchezo wa masuala ya afya. Imani za ndani za wasikilizaji kuhusu chanzo cha chuki na ghasia zilibadilika kidogo mno. Kilichobadilika ni hisia yao ya kile ambacho jamii yao inakitarajia, yaani kama inafaa kutoa maoni ya kupinga mbele ya wengine, kumwamini jirani au kuchanganyika kwa ndoa, na pamoja na hisia hiyo ukabadilika pia mwenendo wao. Kanuni ya namna hiyo, isiyoandikwa lakini inayojulikana na kila mwanakikundi, ndiyo wanasaikolojia wanayoiita kaida. Mwanafunzi anaweza kuijua Katiba kwa vifungu vyake, akaifanyia mtihani na kupata alama zote, kisha akacheka pamoja na wengine mwenzake anapotaniwa kwa kabila lake, kwa kuwa kaida ya bweni inamtaka acheke.

Ikiwa kaida ndiyo inayotakiwa kubadilishwa, swali linalofuata ni nani anayeishika, na hapa utafiti uliofanyika shuleni unasaidia zaidi. Mtafiti huyo huyo, pamoja na Hana Shepherd na Peter Aronow, alifanya jaribio katika shule 56 za jimbo la New Jersey, Marekani, katika mwaka wa masomo wa 2012 na 2013, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2016. Wanafunzi wote wa shule hizo waliulizwa ni wenzao gani waliopenda kukaa nao katika majuma yaliyotangulia, na kutokana na majibu hayo ukachorwa mtandao wa mahusiano wa kila shule. Kisha, katika nusu ya shule hizo zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, kikundi kidogo cha wanafunzi, nao pia wakichaguliwa kwa bahati nasibu, kilialikwa kukutana mara kwa mara na mtu mzima mmoja ambaye hakuwaletea ujumbe wowote: wao wenyewe walitaja aina za ugomvi na uonevu zilizokuwa kero katika shule yao, na wao wenyewe wakabuni namna ya kuonyesha hadharani kwamba hawakubaliani nazo, kwa mabango yenye sura zao na kwa kuwavisha bangili wenzao walioonekana wakisuluhisha magomvi. Ripoti za ugomvi zilizofika ofisini zilipungua kwa takriban asilimia 30 zikilinganishwa na shule ambazo hazikuwa na mpango huo. Jambo lenye uzito kwa barua hii ni kwamba upungufu huo ulikuwa mkubwa zaidi pale ambapo kikundi kilijaaliwa kuwa na wengi wa wale waliotajwa na wenzao mara nyingi, yaani wanafunzi ambao shule nzima huwatazama ili kujua nini ni cha kawaida na nini ni cha aibu.

Hapo awali, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008, jaribio lililohusu uvutaji sigara katika shule 59 za Wales na magharibi mwa Uingereza lilikuwa limeonyesha jambo la aina hiyo. Wanafunzi wa miaka 12 na 13 waliwataja wenzao wanaowaheshimu na kuwafuata, waliotajwa zaidi wakapelekwa nje ya shule kwa mafunzo ya siku mbili, na baada ya hapo hawakupewa jukwaa lolote. Kazi yao ikawa mazungumzo ya kawaida njiani, mezani na uwanjani kwa majuma kumi, na idadi ya wavutaji ikawa ndogo kwa kiasi kilichopimika ikilinganishwa na shule ambazo hazikuwa na mpango huo. Jumba la Anne Frank la Amsterdam, kwa upande wake, limetumia kwa miaka mingi mtindo unaofanana na huo kwa sehemu: maonyesho yake yanayosafiri huongozwa na vijana wa mahali husika walioandaliwa kwa muda mfupi, ili mwanafunzi asimuliwe kisa cha msichana aliyekufa kwa chuki ya watu wazima na mtu wa rika lake. Mtindo wa maonyesho unafaa sana kwa kufundisha historia. Kwa kubadilisha maisha ya bwenini, mazungumzo yasiyo na jukwaa yana nguvu zaidi.

Namna ya kuyaleta haya katika shule ya bweni ya Kenya si ngumu, na inafaa ielezwe kwa karibu. Kila mwanafunzi wa gredi moja hupewa karatasi yenye mistari kumi na swali moja: katika majuma mawili yaliyopita, ni wanafunzi gani wa shule hii aliopenda kukaa nao, iwe darasani, uwanjani, bwenini au katika foleni ya chakula? Haulizwi nani ni mzuri, wala nani anafaa kuwa kiongozi, kwa sababu maswali hayo huleta majibu ya kumpendeza mwalimu. Karatasi hizo hukusanywa na mtu asiye mwalimu wa nidhamu, majina yakahesabiwa, na yale yanayojirudia yakaorodheshwa. Orodha itakayopatikana haitafanana na orodha ya viranja. Ndani yake kuna uwezekano wa kukuta msichana anayewasuka wenzake nywele Jumamosi alasiri, mshambuliaji wa timu ya shule, mvulana anayewavunja mbavu wenzake kwa kuigiza sauti za walimu, mwimbishaji wa kwaya ya kanisa, na mmoja au wawili ambao wamekwisha kurudishwa nyumbani kuleta wazazi. Hao ndio wanaotazamwa.

Karatasi hiyo hiyo hutoa faida ya pili, ambayo pengine ni kubwa kuliko ya kwanza. Majina yakichorwa kama mtandao, huonekana mara moja wapi mistari inakatika: kwamba wanafunzi wanaotoka upande mmoja wa nchi hutajana wao kwa wao, kwamba wasichana Waislamu wana duara lao, kwamba kuna mwanafunzi ambaye hakutajwa na mtu yeyote. Kutokana na picha hiyo, kila duara litatoa mtu wake anayetazamwa, ili kikundi kisije kikawa cha kabila lenye wanafunzi wengi kwa kuwa tu lina kura nyingi. Na zoezi hilo likirudiwa baada ya mwaka, idadi ya mistari inayovuka mipaka ya maduara itakuwa kipimo cha kweli cha mafanikio, kipimo ambacho idadi ya mabango na ngonjera haiwezi kukitoa. Ni wazi kwamba taarifa za namna hii ni nyeti. Hazipaswi kubandikwa ubaoni, kusomwa mbele ya walimu wote au kuingizwa katika faili la mwanafunzi, na karatasi zenye majina zinapaswa kuteketezwa mara tu hesabu inapokamilika.

Pingamizi la kwanza la wakuu wa shule linaweza kutabiriwa: vipi mtovu wa nidhamu apewe kazi ya kufundisha maadili? Jibu ni kwamba anaifanya tayari. Mwanafunzi ambaye wenzake hucheka anapocheka na hununa anaponuna anawafundisha kila siku, bila mtaala na bila mlezi, na uamuzi uliobaki mikononi mwa shule ni kama ataendelea kufundisha hayo anayofundisha sasa. Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, nalo ni kwamba katika shule nyingi viranja siku hizi huchaguliwa kwa kura, na kwa hiyo wana ridhaa ya wenzao. Hilo ni kweli, lakini uchaguzi wa wanafunzi umejifunza mengi kutoka kwa uchaguzi wa watu wazima, yakiwamo mabweni kupangwa kama ngome na wagombea kuhesabiana kwa majina ya ukoo, kiasi kwamba mshindi anaweza kuwa mtu aliyekwisha kuigawa shule kabla ya kuapishwa. Kumpigia mtu kura na kupenda kukaa naye ni mambo mawili.

Mafunzo yenyewe yanaweza kuchukua Jumamosi mbili, kwa kikundi cha wanafunzi ishirini hivi, na mkufunzi mzuri ni yule anayeanza kwa kunyamaza. Wanafunzi hao wataje wenyewe yanayotendeka: anayemcheka mwenzake kwa kushrabu, yaani kwa lafudhi ya lugha ya mama kujitokeza katika Kiingereza au Kiswahili chake, mwanafunzi wa Pwani anayeulizwa kila juma kama amekuja na majini, anayeambiwa kwamba kabila lake ni wezi, au wachawi, au watu wa kupenda pesa, na kutakiwa aone kuwa ni mzaha, wasichana wanaoamka kula daku mwezi wa Ramadhani na kulaumiwa kwa kelele ambazo siku ya mechi hakuna anayezilalamikia, mwenye ualbino aliyewekwa nyuma ya darasa asikoweza kuuona ubao, na akiomba kusogezwa anaitwa wa kudeka. Orodha kama hiyo, ikitoka vinywani mwao, huwa ndefu na ya kweli kuliko ile ambayo ofisi yoyote Nairobi ingeweza kuiandika.

Hapa inafaa kusemwa neno juu ya orodha ya maneno ya chuki iliyotolewa na Tume ya Uwiano Aprili 2022, ikiwamo misemo kama "madoadoa" na "wabara waende kwao". Orodha hiyo ina kazi yake mbele ya mwendesha mashtaka, kwa kuwa humpa msingi wa kuanzia. Kwa vijana wa miaka kumi na sita haina kazi kubwa, maana neno likipigwa marufuku asubuhi, jingine litakuwa limebuniwa kwa Sheng kabla ya chajio, na kama si neno litakuwa picha ya kuchekesha katika simu. Kinachowafaa zaidi ni mazoezi ya kitu kidogo: afanye nini mtu mzaha unapotolewa na macho yote yanamgeukia yeye? Anaweza kutocheka, na kwa mtu anayetazamwa hilo peke yake ni tangazo. Anaweza kuyageuza mazungumzo. Anaweza kumfuata aliyetoa mzaha baadaye, wakiwa wawili, akamweleza bila kumwaibisha. Mambo hayo matatu yafanyiwe mazoezi kwa maigizo mafupi, tena na tena, hadi ulimi uzoee, kwa sababu ujasiri usiofanyiwa mazoezi huja kuchelewa, mzaha ukiwa umekwisha kupita na mtaniwa ameshainamisha kichwa.

Maarifa nayo yana nafasi yake, hasa yale yanayowashangaza wanafunzi. Watoto wa Kenya wamekariri kwa miaka mingi kwamba nchi ina makabila 42, kana kwamba idadi hiyo ilishuka kutoka mbinguni, ilhali mwaka 2017 Wamakonde, ambao wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walitambuliwa kuwa kabila la 43 baada ya miongo ya kuishi bila vitambulisho na baada ya kuandamana kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka 2016. Mwaka huo huo wa 2017 Wakenya wenye asili ya Asia wakatangazwa kuwa kabila la 44, na mwaka 2023 ikawa zamu ya Wapemba wa Kilifi na Kwale, wavuvi ambao Kiswahili ni lugha yao ya nyumbani na ambao hata hivyo walihesabiwa kuwa wageni. Mwelimishaji rika anayeweza kuwasimulia wenzake kisa hicho kwa dakika tano atakuwa amewaonyesha kwamba mipaka kati ya "wetu" na "wao" huchorwa na watu, huandikwa katika gazeti rasmi la serikali, na huweza kuandikwa upya. Somo hilo ni gumu kulipata katika kitabu cha kiada.

Kuna hatari moja inayoweza kuuharibu mpango wote, na inahitaji kuzuiwa kwa maandishi. Shule zina desturi ya kumfanya kila mwanafunzi anayeaminiwa kuwa jicho la ofisi, na siku ambayo mwelimishaji rika ataitwa kwa naibu wa mkuu wa shule akaulizwa ni nani aliyeandika maneno fulani ukutani mwa choo, kazi yake itakuwa imekwisha, kwa kuwa kufikia jioni bweni zima litajua. Kanuni iwe kwamba mwelimishaji rika haripoti jina la mtu isipokuwa pale ambapo kuna tishio la kudhuru mwili au kudhulumiwa kwa mtoto, na kwamba yeye, walimu na wanafunzi wote wanaijua kanuni hiyo na mpaka wake tangu siku ya kwanza.

Wajibu wa watu wazima ni mzito kuliko kuweka kanuni hiyo tu. Gordon Allport, katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu asili ya chuki za makundi, alieleza kwamba kukutana kwa watu wa makundi mbalimbali hupunguza uhasama iwapo watakuwa na hadhi sawa, lengo la pamoja na kazi inayowalazimu kushirikiana, na iwapo wenye mamlaka wataunga mkono mkutano huo. Bila masharti hayo, kukutana kwaweza hata kuchochea uhasama. Kenya imeshuhudia hilo. Sera ya kuwahamisha walimu nje ya maeneo yao ya nyumbani, iliyotekelezwa na Tume ya Huduma za Walimu mwishoni mwa muongo uliopita, ilikuwa na nia njema ya kujenga utaifa, lakini ilimpeleka mwalimu mahali pageni bila kumwandaa yeye wala wenyeji wake, ikazua malalamiko hadi Bunge likaingilia kati. Kama chumba cha walimu kina meza za kikabila, kama lugha ya mama ya mkuu wa shule ndiyo inayozungumzwa ofisini kwake mgeni asiyeijua akiwa amesimama hapo, hakuna mwanafunzi wa kuwafunza wenzake kinyume cha hayo anayoyaona. Kwa sababu hiyo mafunzo ya Jumamosi mbili hayafai kuanza katika shule ambayo walimu wake hawajakaa chini, walau kwa siku moja, kuzungumzia yao.

Zaidi ya hayo, ni haki kukiri mipaka. Utafiti wa Salma Mousa uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu timu za kandanda za Wakristo kaskazini mwa Iraki, ambazo baadhi zilipewa wachezaji Waislamu, ulionyesha kwamba wachezaji waliochanganyika walikuwa tayari kucheza pamoja tena na hata kumpigia kura ya uanamichezo bora mtu wa dini ya pili, ila urafiki huo haukuenea sana nje ya uwanja, kwa Waislamu wasiowajua. Lolote litakalopatikana bwenini linaweza kuishia bwenini. Tena shule za bweni zenye wanafunzi kutoka kila kona ni chache. Sera ya mgao iliyoanza katikati ya miaka ya 1980 iliwarudisha wanafunzi wengi kusoma karibu na kwao, na leo wengi wao husoma katika shule za kutwa za maeneo ya nyumbani, ambako karibu darasa zima lina lugha moja ya mama. Katika shule kama hizo itakuwa ni kujidanganya kuwafundisha wanafunzi kuhusu kabila lisilokuwapo huku koo mbili hazikai benchi moja, mtoto wa mpangaji anaitwa wa kuja, na mwenye kigugumizi haombwi kusoma kwa sauti. Mpango uanzie kwenye tofauti zilizopo. Kijana aliyezoea kumtetea mwenzake wa ukoo mwingine ana mazoezi atakayokwenda nayo chuoni, jeshini au katika kiwanda cha Athi River, atakapokutana na wale aliowasikia kwenye masimulizi tu.

Kutokana na hayo yote, yanaombwa mambo yafuatayo. Wizara na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ziitambue kazi ya uelimishaji rika kuwa sehemu halali ya somo la Huduma kwa Jamii, ambalo ni la lazima katika Sekondari Pevu, ili saa za mwanafunzi na za mlezi wake zipatikane bila kuongeza somo jipya katika ratiba iliyokwisha kufurika. Tume ya Uwiano iandike upya mwongozo wa Vilabu vya Amani katika sehemu ya uteuzi, ikiondoa mamlaka ya mwalimu kuteua wanachama na badala yake kuweka utaratibu wa karatasi ya majina, pamoja na kanuni ya kutowafanya wanafunzi kuwa wapelelezi. Tume ya Huduma za Walimu, ingawa barua hii haikuelekezwa kwake moja kwa moja, iihesabu kazi ya mlezi katika tathmini ya utendaji wa mwalimu, kwani klabu isiyohesabiwa huachiwa mwalimu mgeni zaidi shuleni, ambaye pia ndiye mwenye sauti ndogo zaidi. Wakuu wa shule, kwa upande wao, wanaombwa kitu kigumu kuliko vyote, nacho ni kukubali orodha itakayotoka hata kama haiwapendezi.

Jaribio lianze na shule chache za aina mbalimbali, za bweni na za kutwa, za bara na za Pwani, shule za kujiunga zikiteuliwa kwa bahati nasibu miongoni mwa zilizoomba, ili zile zilizokosa nafasi ziwe za kulinganishia. Hesabu ya kwanza ya majina ifanyike kabla kampeni za mwaka 2027 hazijashika kasi, na ya pili irudiwe muhula wa kwanza wa mwaka 2028, uchaguzi ukiwa umepita, na matokeo yote mawili yachapishwe kwa Kiswahili na Kiingereza bila majina ya shule wala ya wanafunzi, yawe mazuri au mabaya.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwandishi wa barua hii